Nilitaka Mtu wa Kukaa na Mwanangu, Wakanilimia Kiwanja

Nilirudi kutoka kazini saa tisa mchana nikakuta kiwanja cha nyuma ya nyumba kimelimwa chote.

Chote, jamani. Kuanzia ukuta wa choo mpaka uzio wa jirani.

Matuta yamenyooka kama mistari ya daftari. Magugu yamekusanywa pembeni. Udongo bado mbichi.

Mimi sina shamba. Sikumwita mtu kulima. Hata hicho kiwanja si changu, ni cha mwenye nyumba.

Na mtoto niliyemwacha ndani asubuhi, hayupo.

Ngoja nianzie mwanzo, maana ukiisikia katikati utasema nimerukwa na akili.

Mwanangu anaitwa Aziz. Ana miaka sita. Ana kifafa, na maneno yake hayajafika kumi. Kutembea anatembea, tena mbio, lakini hajui moto, hajui barabara, hajui maji.

Baba yake, Tahiru, alikaa nasi mpaka Aziz alipoanguka mara ya tatu. Siku hiyo akasema anakwenda Arua kununua spea ya pikipiki.

Huu ni mwaka wa nne. Nadhani hiyo spea bado inatengenezwa.

Arua nikaenda mimi, mtoto mgongoni. Daktari wa huko hakunipa maneno matupu. Alinilaza mimi mwenyewe kwenye mkeka, akanionyesha. Mlaze ubavu. Weka kitambaa chini ya kichwa. Usitie kijiko mdomoni. Usimwagie maji. Usimkandamize. Kaa naye, angalia saa. Ikipita dakika tano, hapo tafuta gari. Akaandika vidonge, asubuhi na jioni, visikose hata siku moja.

Halafu akaniambia, "Mama, huu ugonjwa hauambukizi. Hata ukimlamba mate."

Nikacheka. Mwaka ule sikuwa nimecheka.

Mimi nilisoma mpaka P6 tu, darasa la sita, lakini kuangalia najua. Nilimwangalia Aziz mpaka nikajua dalili zake. Kabla hajaanguka, analamba midomo kama mtu aliyeonjeshwa sukari. Halafu mkono wa kushoto unachezea kifungo cha shati. Kuanzia hapo nina muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Si zaidi.

Sasa shida.

Vidonge vikikosekana kituo cha afya, lazima ninunue. Kwa hiyo nilipata kazi ya kufua mashuka kwenye loji moja Koboko mjini. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Naanza asubuhi, saa nane mchana namaliza. Mimi nakaa nje kidogo ya mji, njia ya Ludara, natembea karibu saa nzima.

Asubuhi tatu kwa wiki. Nilikuwa natafuta mtu wa asubuhi tatu tu. Sikuomba dunia.

Wa kwanza alikuwa Shakira, binti wa jirani. Alikaa naye wiki mbili vizuri. Wiki ya tatu Aziz akaanguka karibu na sigiri. Shakira akatoka mbio mpaka barabarani akipiga kelele. Mtoto akajibiringisha, mkono ukaingia kwenye makaa. Akaungua kutoka kiwiko mpaka kiganja.

Nilimuuliza, "Shakira, kwa nini ulimwacha?"

"Mama Aziz, nilikimbia kutafuta watu."

"Uliwapata?"

"Niliwapata. Lakini wote walikataa kuingia."

Msichana alikuwa anasema kweli.

Huku kwetu watu wanasema kifafa kinaingia kupitia mate. Povu likikugusa, umekwisha. Mtu anaweza kukupa chakula chake, akakupa kitanda chake, lakini mtoto wako akianza kutoa povu, utabaki peke yako kama mti uliopigwa na radi.

Wa pili alikuwa mama anayeuza mihogo. Alikubali kabisa. Halafu akauliza, "Hii alama ya moto kwa mkono ni ya nini?" Nikamweleza. Alikuwa ameshika kikombe changu cha chai. Akakiweka chini. Akaomba maji, akanawa. Akanawa tena.

"Mama Aziz, mimi iko na watoto yangu."

Nikajaribu kwenda na Aziz kazini. Siku ya pili akaanguka kwenye korido, mgeni mmoja akatoka bafuni na taulo akakimbia mpaka getini. Bosi akaniita.

"Mimi hapana shida na wewe. Unafua vizuri. Lakini mgeni akiona hii, analala kwa jirani. Njoo peke yako, ama usikuje."

Bado hapo, Jumapili moja nasikia pikipiki. Ni Hakim, kaka yake Tahiru, kutoka Abuku. Kanzu nyeupe, miwani myeusi.

"Salamu, shemeji."

"Karibu, shemeji. Keti."

Hakuketi. Alimshika Aziz mkono, kwa ncha za vidole tu, akaangalia lile kovu.

"Unachoma mutoto ya ukoo kama muhogo?"

"Ilikuwa ajali, shemeji."

"Iko mzee moja kwetu Abuku, anaondoa hii kitu. Anachoma kwa kichwa, hapa na hapa. Inatoka."

"Anachoma na nini?"

"Na chuma. Na nini tena?"

"Na vidonge vyake?"

"Mutu akipona anakunywa vidonge ya nini?" Akapanda pikipiki. "Nakupa mwezi moja. Kama hakuna mutu ya kukaa naye, mimi nachukua. Usiniletee machozi siku hiyo."

Usingizi ukahama. Nilikuwa nikifumba macho naona chuma chekundu.

Kupata mtu wa kukaa na Aziz haikuwa tena habari ya kazi. Ilikuwa habari ya kichwa cha mwanangu.

Sasa, hapa jirani kuna kundi la wanawake kumi na wawili wanaolima pamoja. Leo wanalima kwa huyu, siku nyingine kwa yule, kwa zamu, kila Jumanne na Jumamosi. Mwanamke akipata msiba au mgonjwa, hakosi hivi hivi. Anatuma mtu mwingine na jembe. Wanasema "ametuma mkono." Mkono ukifika, hakuna anayeuliza ni wa nani. Kazi imefanyika, zamu imelipwa.

Jumanne moja nikamfuata mwenyekiti wao, Mama Margarita, katikati ya shamba.

"Nataka kuingia kwenye kundi."

"Shamba yako iko wapi?"

"Sina."

"Sasa zamu yako ikifika, tutalima nini? Nywele?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaegemea jembe. Nikangoja wamalize. Mimi kungoja najua.

"Kwangu msilime. Mimi nitalima kwenu wote, kila siku ya kulima. Zamu yangu, mmoja wenu anakuja kwangu asubuhi moja, anakaa na Aziz nikiwa kazini. Nyinyi mko kumi na wawili. Mimi nahitaji asubuhi tatu kwa wiki. Kila mmoja anafikiwa mara moja kwa mwezi. Basi."

 

Celestina ndiye aliyejibu wa kwanza. Huyu ni mama mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwembamba, mcheshi. "Asubuhi moja kwa mwezi? Hata fisi nitakaa naye."

Wakacheka tena, na mara hii nilicheka nao.

Isipokuwa mmoja. Hasifa.

Hasifa ni mwanamke mkubwa, sauti kubwa, mtoto wa mwanajeshi. Akilima, wenzake wanabaki nyuma wakila vumbi lake. Alisimamisha jembe mbele yake kama bunduki.

"Mimi hapana. Nisikie vizuri, dada yangu, sina ubaya na wewe. Nitakuletea kuni. Nitakuletea maji. Lakini ile povu, mimi sigusi. Baba yangu alikuwa askari, hakuogopa risasi, lakini kifafa aliogopa. Shangazi yangu aligusa ya mutoto ya jirani. Ikamshika. Akakufa nayo."

"Hasifa, daktari alisema..."

"Daktari hakuzika shangazi yangu."

Mama Margarita akamaliza maneno. "Basi siku yako utatuma mkono."

"Nitatuma hata miwili!"

Hivyo tukaanza.

Siku za kulima nilikwenda na Aziz shambani. Nilimkalisha kwenye kanga nikamfungia kamba ya katani mkononi mwake ili achezee, naye akachezea. Jumamosi ya pili, katikati ya maharage ya Mama Margarita, nikaona ulimi unalamba midomo.

"Njooni!" nikaita. "Njooni muone sasa!"

Wakaja kumi na mmoja, wakasimama duara. Hasifa akakimbilia mwisho wa shamba, kule kwenye mtama, na jembe lake.

Nikawaonyesha kama nilivyoonyeshwa. Ubavu. Kitambaa. Nikapaza sauti ili wote wasikie, "Msimsogeze! Kaeni naye! Mpaka afungue macho akujue!"

Kutoka kule mbali tukasikia, "Ameamka?"

"Bado!"

"Sasa ameamka?"

"Bado, Hasifa!"

"Mimi iko huku!"

"Tunakuona!" akajibu Celestina. "Hata Kongo wanakuona!"

Mbavu zilitaka kutoka. Mtoto wangu anatoa povu na mimi nacheka na watu. Haikuwahi kunitokea.

Wiki mbili zikaenda sawa. Nikaanza kulala.

Ndipo ikafika ile Ijumaa.

Zamu ilikuwa ya Celestina. Saa moja asubuhi hajafika. Saa moja na nusu hajafika. Bosi alikuwa amenionya tayari, nikichelewa mara moja tena, kazi anapewa mwingine. Simu ikalia.

"Mama Aziz, nimeitwa kambini, mambo ya kadi. Usiogope. Nimetuma mkono. Mkono ya nguvu! Iko barabarani tayari, anakaribia kwako."

Nikachungulia barabarani. Kwa mbali niliona mtu anakuja. Aziz alikuwa amekunywa kidonge chake, amelala fofofo. Nikasema moyoni, dakika tano. Nikarudishia mlango, nikakata njia ya mkato.

Hizo dakika tano bado ziko hapa kifuani. Sitazitoa.

Sasa turudi saa tisa mchana, mbele ya matuta.

Pembeni, juu ya jerikeni lililopinduliwa, alikuwa amekaa mwanaume anaosha miguu. Mrefu, mikono kama mpini. Simjui.

"Salamu, mama. Mimi ni Saturnino, shemeji ya Celestina." Akatabasamu. "Udongo yako iko na mawe mingi! Lakini nimeshinda yeye."

"Mtoto yuko wapi?"

"Mutoto gani?"

"Mtoto! Aliyekuwa ndani!"

Tabasamu likaanza kushuka.

"Ndani iko mutoto? Mimi nilipiga hodi, hakuna mutu. Nikaona magugu huku nyuma. Nikasema, aa, kazi ni hii." Akasimama. "Baadaye iko mutoto moja alisimama ananiangalia. Nilimpa muhogo. Nikafikiri ni ya jirani."

"Lini?"

"Kabla ya adhana ya mchana."

"Celestina hakukuambia unakuja kufanya nini?"

"Alisema, nenda, ni zamu ya Mama Aziz. Mama, mimi zamu najua. Zamu ni jembe."

Unaona? Hakukuwa na mtu mbaya. Celestina alituma mkono wake bora kuliko yote. Saturnino alifanya kazi ya watu wawili. Na mwanangu alipita nyuma ya mgongo wake na kipande cha muhogo mkononi, akaondoka.

Nikapiga ukelele ambao sikujua ninao.

Wanawake wakaja kutoka kila upande, majembe begani, kama vile tunakwenda kulima usiku wa kiama. Mama Margarita akawagawa. Wewe barabara. Wewe kisima. Nyinyi mihogoni. Mimi nikakimbilia kwenye mashimo ya matofali.

Asiyejua Koboko nimweleze. Wanaochoma matofali wanachimba udongo, shimo linabaki, mvua inajaza. Maji mekundu, huoni ndani hata kidole. Kuna mashimo manne pale.

Nilisimama ukingoni.

Saturnino akanipita. Hakusema neno. Akavua viatu, akaingia kwenye shimo la kwanza na nguo zake, maji mpaka kifuani, akawa anatembea polepole akipapasa chini kwa nyayo. Anapapasa. Anasimama. Anapapasa.

Kila aliposimama, mimi nilikufa.

Shimo la kwanza, hakuna. La pili. Katikati ya la pili akasimama muda mrefu, akainama, mkono ukazama mpaka bega. Akatoa kitu cheusi.

Gunia.

Akalitupa ukingoni likiwa tupu, akaendelea kupapasa.

Celestina akafika kutoka kambini akikimbia, akaanguka chini mbele yangu. "Nilituma mwanaume! Nilituma ile yenye nguvu! Nilifikiri nakupa heshima!"

Nikamshika mkono, nikamwinua.  

Simu ikalia. Hakim. Sijui nani alimpigia, lakini habari mbaya huku zina pikipiki yake.

"Nasikia umepoteza mutoto."

Hakungoja jibu.

"Jumapili nakuja. Akipatikana hai, unifungie nguo zake."

Saturnino alipotoka shimo la nne alikuwa mwekundu mwili mzima kama tofali lenyewe, anatetemeka. "Hakuna, mama. Humu hakuna." Akalia. Mwanaume mzima.

Jua lilikuwa limeanza kulegea. Ndipo Mama Margarita akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria.

"Hasifa iko wapi?"

Tukaangaliana. Hasifa, mtu wa kwanza kwenye kila kelele, leo hayupo. Binti yake akasema, "Mama alikwenda kuchota maji tangu adhuhuri. Hajarudi."

Tukashika njia ya kisima kile cha mbali, inayopita katikati ya mtama. Tukakuta jerikeni lake limelala njiani, tupu, maji yamemwagika na kukauka. Mbele kidogo, mtama umevunjika.

Tukaingia.

Hasifa alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa, uso umeiva kwa jua. Kichwa cha Aziz kiko juu ya paja lake, ubavu, mtandio wake umekunjwa chini ya shavu. Chini pamezunguka alama za makalio yake, nusu duara. Kila jua lilipohama, na yeye alihama, ili kivuli chake kisimtoke mtoto.

Aliinua mkono. "Msisogee! Bado hajafungua macho akajua mutu!"

Nikapiga magoti. Nikamgusa Aziz shavu. Akafungua jicho moja, akaniona.

"Maji," akasema.

Sitaeleza nilivyolia. Hiyo ibaki yangu.

"Hasifa, tangu saa ngapi?"

"Tangu adhuhuri. Alianguka mara mbili. Nilihesabu, hakufika dakika tano. Halafu akalala."

"Sasa si ungembeba, umlete nyumbani?"

Akanikasirikia kweli kweli. "Wewe ulisema asisogezwe! Ulisema kaa! Nilikusikia kule kwa mtama! Mimi nimekaa!"

Alikuwa amesikia nusu ya somo, kutoka mwisho wa shamba, na hiyo nusu aliishika kuliko sisi tuliosimama karibu.

Kisha akaangalia mikono yake. Povu lilikuwa limekauka mpaka kwenye viwiko.

"Mama Aziz. Nimegusa."

"Hasifa..."

"Nilimuona kwa njia anatoa ulimi kama mutu analamba sukari. Nikageuka. Nikatembea hatua kama kumi, narudi nyumbani. Halafu nikamsikia ameanguka. Miguu ikagoma kwenda, nikarudi." Akavuta pumzi. "Nimeshika sasa. Basi. Imepita."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Jumamosi tulimpeleka Aziz kituo cha afya, wakamwangalia, wakaongeza nusu kidonge. Jumapili Hakim akafika, kama alivyoahidi. Wanawake wa kundi walikuwa wamejaa uani kwangu. Hakuna aliyewaita.

"Nguo ziko wapi?" akauliza Hakim, akavuta kiti.

"Shemeji, mtoto amepatikana. Hajaumia."

"Leo. Na kesho? Nilisema mutu. Nani mutu ya kukaa naye?"

Hasifa akasimama. "Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mutu ambaye iko nayo tayari. Niligusa povu juzi, mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko. Akasogea mbele, akanyoosha mkono wa salamu. "Habari ya Abuku, ndugu yangu?"

Hakim akarudisha kiti nyuma.

Hasifa akaongeza hatua. "Huko Abuku akianguka, nani atamshika? Wewe?"

"Mama, kaa mbali kidogo."

"Nakuuliza. Ni wewe? Basi nipe mkono kwanza, nione."

Mikono ya Hakim ilikuwa nyuma ya mgongo kama mtoto wa shule. Aliwaangalia wanawake. Alimwangalia Aziz, ambaye alikuwa anachezea kamba yake ya katani. Akasema ana safari ndefu. Pikipiki haikuwaka mara ya kwanza, wala ya pili, na Celestina akamwambia kuna spea Arua, kaka yake anajua duka.

Ua lote likapasuka kwa kicheko.

Hasifa hakucheka. Alinigeukia.

"Futa ile zamu. Hawa wengine hawajagusa. Kwa nini wote washike? Mimi imeingia tayari, hakuna tena cha kuogopa. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, mlete kwangu."

Sasa hapa ndipo naomba mnihukumu.

Nilikuwa na maneno ya daktari mdomoni. Hauambukizi. Ilikuwa sentensi moja tu. Ningemwondolea yule mama mzigo wa kifo papo hapo.

Nikafunga mdomo.

Niliogopa. Nilifikiri, akijua hajashika, atarudi mwisho wa shamba na jembe lake, na mimi nitarudi kutafuta. Nikanyamaza siku tisa. Ndani ya siku hizo tisa nilimpeleka Aziz kwake, nikamwona akitenga kikombe chake, akiwakataza wanawe kulala karibu naye, akimwonyesha binti yake mahali nguo za kumzikia zilipo.

Siku ya kumi nikashindwa. Nilikaa chini kwake nikamweleza yote, kwamba si ugonjwa wa mate, kwamba nilijua, kwamba nilinyamaza kwa sababu ya shida yangu.



"Daktari alisema hata ukimlamba?"

"Ndiyo."

"Yeye amemlamba?"

"Hapana."

"Basi." Akaendelea kumlisha Aziz uji. "Wewe ulinyamaza, ulikuwa na shida. Mimi pia ninge... ah. Lete kijiko kingine, hii ni kubwa kwa mdomo yake."

Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu siku ile ya mtama. Hasifa hajaanguka hata mara moja, na bado anasema ugonjwa ni mjanja, unajificha. Nimempeleka kwa nesi, hakumwamini, anasema nesi ni mtoto. Watoto wake wamesharudi kulala naye, wamechoka kumsubiri afe. Na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Aziz akiona mlango wake anakimbia mbele yangu. Sasa ana neno jipya, ni "Sifa."

Nimeandika haya kwa ajili ya mama aliye mahali nilipokuwa.

Ukipata mtu wa kukusaidia, mweleze kazi kwa mdomo wako, yeye mwenyewe, akiwa mbele yako. Usitume maneno kwa mtu wa pili. Mimi dakika tano zilinitosha kujua.

Ukweli anaohitaji mwenzako usiukalie kwa sababu una shida. Mimi niliukalia, na hakuna siku nilizojichukia kama zile tisa.

Na usipoteze mwaka ukitafuta mtu asiyeogopa. Huyo nilimtafuta Koboko yote, hakuwepo. Tafuta anayeogopa mpaka anageuka, anatembea hatua kumi, halafu anarudi.